Greene Vardiman Black

Greene Vardiman Black (3 Agosti 1836 – 31 Agosti 1915) alikuwa daktari wa meno, mtafiti na mwalimu kutoka jimbo la Illinois nchini Marekani. Hujulikana zaidi kama G. V. Black, na mara nyingi huitwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa.

Anakumbukwa hasa kwa mambo manne: kupanga aina za matundu ya meno katika madaraja, kuweka kanuni za kuchonga na kuziba jino lililooza, kuboresha mchanganyiko wa zebaki na fedha unaotumika kuziba meno, na kuchunguza madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wa Colorado. Aliamini kwamba kazi kubwa ya daktari wa meno ni kuzuia uozo. Hata hivyo, njia aliyofundisha ya kuuzuia ilikuwa ya kukata sehemu za jino ambazo bado ni nzima. Njia hiyo ilitawala kwa miongo mingi, kisha ikaachwa polepole baada ya kugunduliwa namna ya kuziba mifereji ya magego ya watoto bila kuchonga.

Maisha ya awali

Black alizaliwa katika familia ya wakulima karibu na mji mdogo wa Winchester, Illinois. Hakusoma shule kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya utoto wake ilipita mashambani na porini, akichunguza mimea, wanyama na wadudu. Tabia hiyo ya kutazama kwa makini na kuandika alichokiona ilimfaa maisha yake yote.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 alikwenda kuishi na kaka yake Thomas, aliyekuwa daktari wa tiba, akaanza kujifunza uganga kwake. Mwaka 1857 alijifunza kazi ya meno kwa daktari mmoja wa mji wa Mount Sterling, J. C. Speer. Mafunzo hayo yalikuwa ya muda mfupi, kama ilivyokuwa kawaida wakati ule. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno nchini Marekani kilikuwa kimefunguliwa Baltimore mwaka 1840, lakini waganga wengi wa meno walijifunza kazi kwa kukaa na fundi aliyewatangulia. Baada ya hapo Black alirudi Winchester akaanza kutibu watu.

Vita na maisha ya Jacksonville

Wakati wa Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861–1865) Black aliingia jeshi la upande wa Muungano akawa mpelelezi. Aliumia goti, akaruhusiwa kuondoka jeshini. Mwaka 1863 mke wake wa kwanza alifariki. Mwaka uliofuata alihamia mji wa Jacksonville, Illinois, akafungua chumba cha matibabu ya meno. Mwaka 1865 alioa tena.

Alikaa Jacksonville zaidi ya miaka 30. Mchana alitibu wagonjwa, na muda uliobaki aliutumia katika kusoma na kufanya majaribio. Alijifunza kemia na matumizi ya hadubini bila kupitia chuo. Alichunguza karatasi nyembamba za dhahabu zilizotumika kuziba meno ili kujua kwa nini nyingine zilishikamana vizuri na nyingine hazikushikamana. Alikuwa pia miongoni mwa waliotengeneza kekee ya meno ya kuendeshwa kwa mguu, mfano wa cherehani ya kukanyaga. Kabla ya mitambo ya namna hiyo, daktari alizungusha kekee kwa vidole au kukwangua uozo kwa patasi ndogo, na mgonjwa aliteseka kwa muda mrefu kitini.

Kutafuta chanzo cha kuoza kwa meno

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Louis Pasteur nchini Ufaransa na Robert Koch nchini Ujerumani walionyesha kwamba magonjwa mengi husababishwa na vijidudu. Black alifuatilia utafiti huo kwa karibu. Mwaka 1884 alitoa kitabu kuhusu sumu zinazotengenezwa na vijidudu.

Mwaka 1890 Mmarekani mwingine, Willoughby D. Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alieleza kwamba bakteria za mdomoni hula sukari na wanga uliobaki kwenye meno na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha enameli, yaani ganda gumu la nje la jino. Black alikubaliana naye, akatilia mkazo jambo moja: bakteria hufanya kazi hiyo zikiwa zimejificha ndani ya utando unaonata juu ya jino, ambao kwa Kiswahili huitwa ukoga. Penye ukoga usioondolewa, asidi hukaa palepale bila kuoshwa na mate, na tundu huanzia hapo.

Vipimo vya meno na dawa ya kuziba

Watu wengi wa wakati ule waliamini kwamba meno huoza kwa sababu ni laini au yana chokaa kidogo. Katikati ya miaka ya 1890 Black alipima uzito, ugumu na kiasi cha madini katika meno mengi, yaliyooza na yasiyooza. Hakupata tofauti ambayo ingeweza kueleza kwa nini mtu mmoja huoza meno na mwingine haozi. Matokeo hayo yaliwahamisha madaktari kutoka kulaumu jino na kuwataka waangalie kinachokaa juu yake.

Katika utafiti huohuo alitengeneza chombo cha kupimia nguvu ya taya zinapouma, ili kujua dawa ya kuziba inapaswa kuhimili mzigo gani. Alichunguza pia amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha na metali nyingine. Amalgamu ilikuwa rahisi kuliko dhahabu, lakini ilikuwa imeleta ugomvi mkubwa. Chama cha kwanza cha madaktari wa meno cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1840, kilivunjika mwaka 1856 baada ya mabishano kuhusu matumizi yake. Tatizo mojawapo lilikuwa kwamba michanganyiko mingi ilitanuka au kunywea baada ya kuganda, ikaacha mwanya ambamo uozo mpya ulianza. Kwa kupima, Black alipata uwiano ulio thabiti: karibu theluthi mbili fedha, robo au zaidi kidogo bati, na kiasi kidogo cha shaba na zinki. Uwiano wa namna hiyo uliendelea kutumika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Madaraja ya matundu

Black aligawa matundu ya meno katika madaraja matano kufuatana na mahali yanapoanzia. Daraja la kwanza ni matundu ya vishimo na mifereji, hasa juu ya magego. Daraja la pili ni yale ya ubavuni mwa magego, kati ya jino na jino. Daraja la tatu na la nne ni ya ubavuni mwa meno ya mbele. La nne hugusa pembe ya jino, la tatu haligusi. Daraja la tano ni matundu yaliyo karibu na ufizi. Daraja la sita liliongezwa baadaye na watu wengine. Mpango huo bado hufundishwa katika vyuo vya udaktari wa meno duniani.

Daraja la kwanza ndilo linalowahusu watoto zaidi. Mtoto anapofika umri wa miaka 6 hivi huota gego la kwanza la kudumu nyuma ya meno ya utotoni, na wazazi wengi hudhani nalo ni jino la kung'oka. Gego la pili huota karibu na umri wa miaka 12. Juu ya magego haya kuna mifereji myembamba na vishimo. Mingi ni myembamba kuliko unywele wa mswaki, kwa hiyo mtoto anaweza kupiga mswaki vizuri kila siku na bado chakula na bakteria vikabaki chini. Ndiyo maana uozo mwingi wa meno ya kudumu ya watoto huanzia humo.

Kupanua ili kukinga

Kutokana na uchunguzi huo, kuanzia mwaka 1891 Black alieleza kanuni ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa kupanua ili kukinga. Alikuwa ameona kwamba meno mengi yaliyozibwa yalirudi kuoza kandokando ya kizibo. Alieleza kuwa sababu ni kwamba mpaka wa kizibo uliachwa mahali ambapo ukoga hukaa. Kwa hiyo daktari asikate sehemu iliyooza tu, bali apanue tundu mpaka pale ambapo mswaki, mate na msuguano wa chakula vinaweza kusafisha. Kwenye gego, maana yake ilikuwa kuchonga mifereji yote iliyoungana na tundu, hata iliyokuwa mizima, na kuijaza amalgamu au dhahabu.

Alieleza pia umbo la tundu. Kwa kuwa amalgamu haishikani na jino, tundu lilipaswa kuchongwa kama kisanduku chenye sakafu bapa na kuta zilizonyooka, ili kizibo kisitoke mtu anapotafuna. Kanuni hizi alizikusanya katika kitabu chake cha juzuu mbili kuhusu upasuaji na uzibaji wa meno, kilichotolewa mwaka 1908. Kwa mara ya kwanza daktari wa meno aliweza kufuata hatua zilezile popote alipo, na vizibo vilidumu kuliko vya zamani.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Enameli ikishakatwa hairudi. Jino lililochongwa sana hudhoofika, kizibo hufika wakati kikabadilishwa, na kila kinapobadilishwa tundu huongezeka. Mtoto aliyezibwa gego akiwa na miaka 7 angeweza kufika utu uzima akiwa na jino lililobaki kuta nyembamba, na mwishowe likang'olewa. Lakini wakati wa Black hapakuwa na dawa ya meno yenye floraidi wala kitu chochote kilichoweza kugandishwa juu ya enameli. Aliyeacha mfereji wa gego kama ulivyo aliuachia uozo.

Madoa ya Colorado

Mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs. Alishangaa kukuta wakazi wengi waliozaliwa pale wana madoa ya kahawia kwenye meno, mengine meusi kama chokoleti. Aliandikia wataalamu, na mwaka 1909 Black alikubali kushirikiana naye. Tayari alikuwa mzee mwenye umri wa miaka zaidi ya 70, na mwanzoni aliona ajabu kwamba hali ya namna hiyo haikuwa imeandikwa katika vitabu vya taaluma.

Uchunguzi ulionyesha kwamba karibu watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa mjini humo walikuwa na dalili za madoa hayo. Black alitazama meno hayo kwa hadubini na kueleza kasoro ya enameli. Walibaini kwamba madoa hutokea wakati jino linajengwa ndani ya taya, kwa hiyo mtu mzima aliyehamia pale hakuyapata. Walibaini pia jambo ambalo hawakulitegemea: meno yenye madoa hayakuoza kwa urahisi.

Black alifariki kabla ya jibu kupatikana. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya Alcoa alikuta kiasi kikubwa cha floraidi katika maji ya sehemu zenye madoa. Baadaye H. Trendley Dean alipima ni kiasi gani cha floraidi kinachokinga meno bila kuyatia madoa yanayoonekana, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwa kipimo katika maji ya bomba.

Mwalimu na mkuu wa chuo

Black alianza kufundisha katika vyuo vya St. Louis na Chicago akiwa bado anaishi Jacksonville. Mwaka 1897 alihamia Chicago akawa mkuu wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, cheo alichokishika hadi kifo chake. Alitengeneza vielelezo vikubwa vya meno na vifaa ili wanafunzi waliokaa nyuma waone. Aliandika kitabu cha anatomia ya meno kilichotolewa mwaka 1890, na mwaka 1915 kikatoka kitabu chake cha mwisho kuhusu magonjwa ya meno na fizi. Mtu huyu aliyesoma shule kwa muda mfupi alitunukiwa shahada kadhaa za heshima, na mwaka 1910 alipewa tuzo ya kimataifa iliyoitwa kwa jina la Miller. Mwanawe Arthur alifuata taaluma hiyohiyo, akawa naye mkuu wa shule ya meno ya Northwestern.

Katika kufundisha alitabiri kwamba siku itafika ambapo madaktari wa meno watafanya zaidi kazi ya kuzuia kuliko ya kuziba. Alifariki tarehe 31 Agosti 1915 akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 1918 sanamu yake iliwekwa katika bustani ya Lincoln Park, Chicago.

Baada ya Black: kutoka kukata hadi kuziba

Wafuasi wake walisogeza kanuni yake mbele zaidi. Mwaka 1923 Thaddeus Hyatt alipendekeza mifereji ya magego ya watoto ichongwe na kujazwa mara jino linapoota, kabla uozo haujaonekana. Wengine waliona si haki kumchonga mtoto jino zima, lakini hawakuwa na njia nyingine iliyofanya kazi. Walijaribu kupaka dawa mbalimbali juu ya mifereji, nazo zikabanduka.

Njia ilipatikana mwaka 1955. Michael Buonocore, mtafiti wa Rochester, New York, alijua kwamba viwandani chuma huoshwa kwa asidi ya fosforiki kabla ya kupakwa rangi ili rangi ishike. Alipaka asidi hiyo kwenye enameli kwa sekunde 30, akaiosha, kisha akaweka plastiki juu yake. Asidi ilitengeneza vijitundu vidogo sana kwenye enameli, plastiki ikaingia humo na kushika. Mwaka 1967 yeye na E. I. Cueto walitoa matokeo ya kuziba mifereji ya magego kwa njia hiyo: baada ya mwaka mmoja uozo ulikuwa umepungua kwa asilimia 86 kulinganisha na magego ambayo hayakuzibwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vizibo vya kwanza vya aina hii vilianza kuuzwa.

Kazi yenyewe ni fupi na haihitaji sindano ya ganzi wala kekee. Jino husafishwa na kukaushwa, hupakwa asidi kwa muda mfupi, huoshwa, na hukaushwa tena mpaka enameli ionekane nyeupe kama chaki. Kisha plastiki ya majimaji humiminwa kwenye mifereji na kugandishwa kwa taa maalumu. Jambo gumu ni moja: mate yasiguse jino kabla plastiki haijaganda, la sivyo kizibo kitabanduka. Kizibo hukaguliwa kila mtoto anapopimwa meno, na kikitoka hurudishiwa. Kwa mujibu wa taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, vizibo hivi hukinga takribani asilimia 80 ya matundu ya meno ya nyuma kwa miaka miwili.

Vizibo na floraidi hukamilishana. Floraidi hulinda zaidi pande laini za jino, lakini nguvu yake ni ndogo ndani ya mifereji. Vizibo hulinda mifereji, lakini havifiki kati ya jino na jino. Kupiga mswaki na kupunguza sukari kunabaki kuwa lazima.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Madoa aliyoyachunguza Black yanajulikana sana Afrika Mashariki. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, kwa mfano kandokando ya Mlima Meru mkoani Arusha, maji hupita kwenye miamba ya volkeno na kubeba floraidi nyingi, mara nyingine zaidi sana ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia pia huweza kuongeza floraidi. Kwa watoto wa huko madoa si dalili ya uchafu wala ya kutopiga mswaki, ingawa wengi wamechekwa kwa sababu hiyo.

Tanzania imechangia pia katika kuachana na kukata jino kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, ilianzishwa njia ya kutibu kwa vifaa vya mkono tu, bila kekee wala umeme. Sehemu iliyooza hukwanguliwa, kisha tundu pamoja na mifereji ya jirani huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikana na jino yenyewe na kutoa floraidi. Njia hiyo sasa hutumika katika nchi nyingi, hasa shuleni na vijijini.

Tathmini

Kanuni ya kupanua ili kukinga haifundishwi tena kama alivyoiandika Black. Daktari wa leo hukata kidogo iwezekanavyo, na mfereji ambao haujaoza huufunga badala ya kuufungua. Lakini swali aliloliuliza, yaani ukoga hukaa wapi na unawezaje kunyimwa mahali pa kukaa, ndilo hilohilo linalojibiwa na kizibo kwenye gego la mtoto wa miaka 6.